Sianguki, Ninalala

Nina kifafa. Nimeliweka neno hilo mwanzoni kabisa kwa sababu kwetu halitajwi. Watu husema "ule ugonjwa," au "yale mambo yake," au wanainua kidevu kuelekea nyumbani kwako kisha wananyamaza. Nimeishi miaka ndani ya ukimya huo, nimetoka, na sina mpango wa kurudi. Kama unayesoma unaanguka, au mtoto wako anaanguka, kaa tuzungumze. Kama hujawahi kuanguka, kaa pia, maana iko siku utamkuta mtu chini na itabidi uamue kama utamgusa.

Naitwa Gaudensia. Nimeolewa kijiji cha milimani huku Mbinga, upande ambao barabara ya kwenda Mbamba Bay unaiona chini kabisa, nyembamba. Tunalima kahawa, mahindi na maharage kama kila mtu. Sikuandika haya ili nionewe huruma. Huruma nimeshapewa ya kutosha, na nyingi ilikuja ikiwa imesimama mbali.

Nilianguka mara ya kwanza msimu wa kuchuma kahawa, mwaka ule ule nilioolewa. Tulikuwa wanawake watupu kwenye mashine ya kumenyea, zamu ya kuzungusha mpini ilikuwa yangu, na tulikuwa tunamcheka mwenzetu aliyevaa gauni nje ndani. Kicheko nakikumbuka. Kinachofuata ni anga, na sura za wanawake wale wale zimerudi nyuma, zinanitazama kama watu walioona nyoka. Mdomoni nilikuwa na damu, sketi ilikuwa imelowa, nywele zimejaa maganda ya kahawa. Hakuna aliyenigusa. Kwetu inaaminika kwamba mate ya anayeanguka yakikupata, na wewe umeupata ugonjwa. Mama mkwe wangu, ambaye namwita Mama, alivua kanga mabegani akanirushia kutoka pale alipo ili nijisitiri. Jioni nikamrudishia, nimeifua na kuikunja. Akaitazama, hakunyoosha mkono.

"Kaa nayo tu," akasema.

Wiki hiyo hiyo nilipewa sahani yangu. Sisi Wamatengo tuna desturi ya sengu: ukoo unakutana nyumbani kwa mkubwa wao, kila nyumba inaleta chakula, watu wanakula kwa pamoja na kuzungumza mambo yao. Anayekula sengu ni mtu wa pale. Mimi nilianza kula karibu na mlango, sahani yangu ya bati na kikombe changu, na wenzangu wakinong'ona kuzunguka sinia moja.

Mwaka uliofuata ulikuwa mwaka wa chale. Nilichanjwa kifuani, mgongoni na kwenye paji la uso, nikapakwa dawa nyeusi iliyowasha. Mvua zilipokuja ukawa msimu wa maombi. Niliombewa vizuri, sisemi vibaya, lakini niliangukia hapo hapo kanisani, kati ya mabenchi, na safari hiyo Osmund, mume wangu, alinipakia kwenye bodaboda, akanifunga kiunoni mwake kwa shuka na kunishusha hospitali. Hapo ndipo ulipoanza wakati wa vidonge.

Nataka nikueleze benchi la kliniki yetu, kwa sababu utalikalia. Liko mwisho wa korido, baada ya meno na macho, na siku yetu ni siku moja na ya wagonjwa wa akili. Watu wanaopita kwenda kwingine wanaharakisha hatua. Mwanzoni nilikaa pembeni, nimefunika uso kwa mtandio. Mama mmoja kutoka Kingerikiti akajisogeza mpaka akanigusa bega. Vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vimeshikana kwa kovu.

"Moto au maji?" akaniuliza.

"Nini?"

"Wewe ulikuwa moto au maji? Sisi wa benchi hili tunajuana kwa alama."

"Bado," nikamwambia.

"Basi Mungu anakupenda. Na dalili unapata? Mimi kabla sijaanguka nasikia harufu ya mpira unaoungua. Nikiisikia tu, nakaa chini popote nilipo, hata sokoni."

Nikamwambia mimi sisikii chochote. Nakuwa mzima, halafu ninaamka niko chini.

"Pole, mdogo wangu," akasema. "Wewe unaingiliwa bila hodi."

Tukacheka, mimi na yeye, hapo mwisho wa korido, hadi watu wa meno wakageuka. Kilikuwa kicheko changu cha kwanza cha wazi tangu siku ya mashine ya kahawa. Vidonge vilinisaidia. Vilipunguza kuanguka, havikukumaliza, na kuna safari niliambiwa vimeisha, nirudi wiki ijayo, na nauli yenyewe ya kurudi ni ndoto. Lakini nilivinywa na bado ninavinywa. Ushike hilo, nitalirudia.

Edita alizaliwa wakati kahawa imechanua, mlima mzima mweupe unanukia. Tuliporudi kutoka hospitali Mama alimpokea pale uani, akaingia naye ndani kwake, na huko ndiko mtoto alikoishi. Sitasema Mama alikuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa, na woga ukipewa mamlaka ya nyumba hauko mbali sana na ubaya. Nilikuwa naitwa, nakaa mkekani, mgongo ukutani, napewa mtoto anyonye, na mtu mmoja anasimama juu yangu kama askari. Akishiba anachukuliwa. Ng'ombe wa maziwa anaujua utaratibu huo. Kumwogesha sikuruhusiwa. Kumfunga mgongoni, hilo hata kulitamka lilikuwa kosa. Mwanamke wa milimani anayekwenda shamba bila mtoto mgongoni, wakati mtoto anaye, watu wanamwelewa vipi? Mgongo wangu ulibeba kuni.

"Baba Edita," nilimwambia Osmund, "sema neno kwa mama yako."

"Nitasema nini? Ukianguka naye je?"

"Na nisipoanguka?"

Akachukua jembe akatoka kwenda kutazama mfereji ambao haukuwa na shida yoyote. Osmund ni mtu mpole. Kuna wakati niliuona upole huo kuwa sifa.

Mbwa alikuja mwezi wa kulima ngolo. Hayo ni mashimo ya mraba tunayoyachimba mteremko mzima ili mvua isiondoke na udongo, na kuchimba ni kazi ya wanawake. Mahindi yalikuwa yanakomaa, ngedere wakitumaliza, na mjomba wa Osmund anayeishi Litumbandyosi akatupatia jike mmoja aliyesifiwa kuwa hodari wa kufukuza wanyama. Alikuwa na rangi ya udongo wa njia, sikio moja limechanwa na nguruwe pori. Kwetu mbwa hupewa jina la kumjibu jirani; nyumba ya tatu kutoka kwetu wana Mtajiju. Mwezi ule maneno juu yangu yalikuwa mengi, basi nikamwita Watachoka.

Kwa ngedere hakuwa na maana yoyote. Walikula mahindi naye akawatazama kwa heshima zote. Kazi yake ilikuwa kunifuata. Nikichimba, anakaa ukingoni mwa shimo. Nikikoka moto, anajilaza mlangoni, kidevu juu ya miguu, macho kwangu.

Siku moja nikiwa katikati ya ngolo akainuka, akaja akabana ubavu wake kwenye miguu yangu. Hakubweka. Aliniegemea kwa uzito wake wote, akiniangalia usoni na kutoa sauti ndogo ya puani. Nikamsukuma kwa goti. Akarudi. Nikasogea, akasogea, mpaka nikasema huyu leo ana wazimu. Kisha nikaamka nikiwa ndani ya shimo, udongo mdomoni, na joto kifuani. Lilikuwa joto la kichwa chake. Alikuwa amelala pamoja nami, ubavu kwa ubavu, ananilamba mate shavuni polepole, kama anavyomsafisha mtoto wake. Tangu niugue, wa kwanza kuyagusa mate yangu hakuwa binadamu. Nililia sana, na sikulia kwa maumivu.

Mama aliyaona haya ya kuegemea kabla mimi sijayaelewa. Alikuwa barazani anapukuchua maharage, mbwa akaja akaniegemea, na muda si muda nikaanguka. Akaangalia tena siku nyingine. Mara ya tatu akamwita Osmund, akawaita na majirani.

"Nimeona kwa macho yangu," akasema. "Mbwa anamwegemea, yeye anaanguka. Anamwegemea, anaanguka. Huyu mbwa ndiye anayemletea. Ametumwa."

Ubaya wa uongo ule ni kwamba kila kilichoonwa kilikuwa kweli. Mbwa aliegemea, nami nikaanguka, kwa mpangilio huo huo, na kila aliyekuja kushuhudia aliondoka ameshuhudia. Wakakumbuka kwamba ametoka Litumbandyosi, mbali, kwa watu tusiojua wanayoyafanya. Wakasahau kwamba nilikuwa naanguka miaka kabla mbwa huyo hajazaliwa.

Ukoo ukakaa. Husemwa penye wazee haliharibiki neno. Siku ile liliharibika. Baba mkubwa Betram, ndiye mkubwa wa ukoo, alisema kwa kifupi: "Auawe, azikwe mbali na maji." Osmund aliangalia vidole vyake vya miguu. Aliyemwokoa mbwa ni wifi yangu Kolumba, dada yake Osmund, aliyeolewa ziwani karibu na Mbamba Bay, kwa watu wanaoanika dagaa waitwao usipa, na siku hizo alikuwa amekuja kusalimia.

"Nipeni mimi," akasema. "Kule kunguru wanatumalizia usipa kwenye vichanja. Akiwa mchawi, awaloge kunguru."

Watu wakacheka, hukumu ikapungua ukali. Watachoka akafungwa kamba, akapandishwa nyuma ya gari la mizigo na magunia ya mahindi. Alinitazama mpaka kona. Na mimi nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilijiuliza: labda ni kweli.

Ikaja miezi ya baridi, ukungu unaingia mpaka ndani, mikono inakufa ganzi ukichuma kahawa. Jikoni ndiko kulikokuwa na uhai. Nilikuwa nimeinama kuchochea kuni, na hapo tena sikupata hodi yoyote. Nilipoamka mkono wangu wa kushoto ulikuwa juu ya mafiga na nyumba inanuka. Sitaeleza zaidi. Walio kwenye benchi letu wanajua, na wasiojua wasitamani kujua. Nililala wodini msimu mzima wa kahawa. Wenzangu walichuma, wakaanika, wakauza, mimi nikihesabiwa bandeji.

Wodi ilinionyesha watu. Kuna muuguzi aliyelowesha bandeji kwa maji ya vuguvugu kabla ya kuibandua, wakati wengine waliivuta tu, na mpaka leo nikisali namtaja. Mama alikuja kila siku kwa mguu. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda cha jirani, akaninywesha uji kwa kijiko kirefu. Mgonjwa haulizwi uji, wanasema, lakini mimi nilitaka sana kuulizwa kitu.

"Mama," nikamwambia siku moja, "mbwa yuko wapi?"

"Si yuko ziwani kwa Kolumba."

"Na mimi niko wapi?"

Kijiko kikasimama hewani.

"Mbwa yuko ziwani, mimi nimeungua hapa mlimani. Safari hii ameniegemea nani?"

"Kunywa uji, mwanangu," akasema. Lakini kijiko kiligonga kidevu changu, uji ukamwagika kwenye shuka, na nikajua swali limeingia.

Liliingia kwangu pia. Nikiwa nimelala pale nilianza kuzirudia siku zote za Watachoka, moja baada ya nyingine: aliponiegemea shambani, barazani, kisimani. Kila mara palikuwa na nafasi kati ya kuegemea na kuanguka. Nafasi ya kutosha kutua ndoo. Nafasi ya kutosha kutoka jikoni. Yule mbwa alikuwa ananipigia hodi, na sisi tukamfukuza kwa kosa la kupiga hodi.

Jeraha lilipofunga sikuomba ruhusa ya mtu. Nilimuaga Osmund asubuhi akiwa anakula kiporo, nikamwambia ninakwenda kumchukua mbwa wangu.

"Peke yako? Njiani ukianguka?"

"Nikianguka nitakuwa nimeanguka nikielekea mahali."

Gari linateremka kutoka kwetu mpaka ziwani kwa kona nyingi, na kadiri unavyoshuka ndivyo unavyovua: kwanza sweta, kisha mtandio. Kolumba nilimkuta anageuza usipa juu ya vichanja, jua linamchoma, na chini ya kichanja amelala Watachoka. Nilipomwita alikuja mbio na kamba yake imekatika, akaninusa mkono wa kovu wote, kuanzia vidole mpaka kiwiko, taratibu, asiuguse. Hakunirukia, ingawa mbwa wote hurukia mtu. Alijuaje kwamba unauma, mimi sijui, na sijaomba kuelezwa.

"Wifi, mbwa wako hana kazi," Kolumba akasema. "Kunguru wanakula, yeye anawahesabu. Lakini nikwambie kitu. Miezi yote hii hajamwegemea mtu hapa. Si mimi, si watoto, si mzee. Na hakuna aliyeanguka. Kama yeye ndiye anayegawa ugonjwa, mbona sisi ametunyima?"

Nilikaa kwake majuma kadhaa. Siku moja tulikuwa tunakaanga samaki, sufuria la mafuta linachemka kati yetu, Watachoka akainuka kivulini, akaja akanibana ubavuni na ile sauti ndogo ya puani. Nikaweka mwiko chini.

"Wifi, ondoa sufuria. Naondoka hapa."

Nikatembea mpaka kwenye mchanga mtupu, nikatandika kanga, nikalala kwa ubavu, mkono chini ya shavu. Mbwa akajilaza mbele yangu. Nilikuwa nasikia mawimbi na Kolumba akiniuliza, "Vipi, vipi?" Nikamjibu, "Subiri." Kisha ikaja. Nilipoamka nilikuwa pale pale nilipojiweka, sijaumia hata ukucha, sijang'ata ulimi, na Kolumba amekaa mchangani ameshika kichwa changu kisigonge, uso umelowa machozi.

"Umeanguka," akasema.

"Hapana," nikamwambia, na ulimi ulikuwa bado mzito. "Nimelala."

Kuanzia siku ile ndivyo ninavyosema. Ugonjwa bado ninao, lakini heshima ya kuchagua mahali pa kuweka kichwa changu nimeirudisha mwenyewe.

Niliporudi mlimani na mbwa, Mama alisimama mlangoni, Edita mgongoni kwake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Huyo haingii."

"Basi na mimi siingii."

Nikaenda kukaa kwenye banda la kahawa, lilikuwa tupu. Watu walipita makusudi kuja kutazama mwanamke aliyemchagua mbwa akaacha nyumba. Niliwasalimia wote kwa sauti kubwa. Jioni ya siku ya pili Osmund akaja na blanketi lake begani, akaliweka chini kando ya langu, akaketi. Upole wake safari hii ulikuwa na miguu, nikaukaribisha.

Kabla sijafika kwenye sengu, nikwambie wewe wa benchi letu jambo moja. Mbwa hakuniponya. Asije mtu akatupa vidonge akaenda kutafuta mbwa. Watachoka hajafundishwa na mtu, na wapo mbwa wengi wazuri ambao watakutazama unaanguka kisha wakaendelea kujikuna. Na yeye hukosea: ziko siku ameniegemea hakikuja kitu, na iko siku kilikuja yeye yuko mbali anazaa. Ninakwenda kliniki kila tarehe yangu, naye ananisindikiza, na ninapokuwa benchini anangoja kwenye baraza la duka la Bi Zuhura, mwanamke wa Pwani anayeuza vitambaa ng'ambo ya barabara. Mara ya kwanza nilimwomba nikijua atakataa. "Mimi na mate yake tusikutane," alisema, "lakini kivuli ni cha Mungu. Akae." Sasa ana bakuli lake la maji pale. Rehema ndogo ndogo kama hizo uzipokee zote, usiulize zina upana gani.

Mvua za kwanza ziliponyesha, kabla ya kupanda, ukoo ulikutana kwa Baba mkubwa Betram. Nilikwenda bila kualikwa, na nilikwenda na mbwa. Sikukaa mlangoni. Nilipita katikati, nikakaa mkekani na wanawake, Watachoka nyuma yangu. Ugali ulikuwa umeshapakuliwa. Mikono ikasimama.

"Mama Edita," Baba mkubwa akasema, "tuliamua juu ya huyo mnyama."

"Mliamua, Baba mkubwa. Nimekuja mnisikilize, kisha muamue tena. Ninamtaka mtoto wangu. Ninataka kumbeba mgongoni na kwenda naye shamba, kama kila mwanamke aliyekaa hapa. Huyu mbwa ananiambia kabla. Akinieleza, ninamshusha mtoto na ninalala."

"Anakuletea," akasema mmoja.

"Jogoo huwika kabla ya jua," nikasema. "Nani kati yenu ameshamchinja jogoo ili asubuhi isifike? Jogoo awike asiwike, kutakucha. Mlimwondoa jogoo wangu, kukacha, na hii hapa alama." Nikavuta mkono wa gauni, nikauweka mkono wangu wa kushoto kwenye mwanga. Wengi walikuwa hawajauona. Wakautazama, lakini kutazama si kukubali, na kwenye nyuso zao niliona bado.

Wakati huo Edita, ambaye alikuwa ameanza kusimama dede, alikuwa ametoka kwenye mikono ya Mama, akashika mbwa sikio lile lililochanika, kutoka hapo akashika gauni langu, akapanda mapajani kwangu. Hakuna aliyemtuma. Nikamkumbatia mbele ya ukoo mzima, ananuka mafuta ya nazi na moshi wa jiko la bibi yake.

Na hapo Watachoka akainuka. Akazunguka mkeka, akaja mbele yangu, akabana ubavu wake kwenye bega langu na kutoa ile sauti.

Niseme kweli, nilimwomba Mungu usiwe ugonjwa, iwe mbwa ameona paka. Siyo leo, siyo nikiwa na mtoto mapajani. Mbwa akabana zaidi.

"Mama," nikasema, "mpokee Edita. Ninakwenda kulala."

Akampokea. Nikainuka, nikaondoka karibu na moto, nikatandika ile kanga aliyonirushia miaka ile, nikalala kwa ubavu mahali palipo tambarare. Niliwasikia. Dakika ikapita, labda mbili. "Mbona haanguki?" mtu akanong'ona. Baba mkubwa akasema, "Anaigiza huyu." Nikacheka pale chini, maana kwa mara ya kwanza nilikuwa nauombea ugonjwa wangu uwahi.

Yaliyofuata nimesimuliwa na Osmund. Anasema ilipokuja, watu walirudi nyuma wote kama kawaida, sinia likapinduka. Mbwa akajilaza kifuani kwangu, akaanza kunilamba mate. Mama alikuwa amesimama na mtoto. Akamtazama mbwa muda mrefu. Kisha akamkabidhi Osmund mtoto, akapiga magoti, akakishika kichwa changu kwa mikono miwili. "Sogea kidogo," akamwambia mbwa, kama unavyomwambia mtu. Akavua kanga yake mabegani, akachukua pembe yake, akanifuta mdomo.

Nilipofumbua macho yeye ndiye niliyemwona kwanza, kwa karibu sana, karibu kuliko alivyowahi kuwa. Baba mkubwa alikuwa amekaa, kofia mkononi, anamwangalia Watachoka. Ugali ulikuwa umepoa. Nilikaa mpaka kichwa kilipotulia, hakuna aliyenihimiza.

"Mama," nikasema, "nipe mtoto wangu."

"Umetulia?"

"Nimetulia."

Akaninyanyua, akanigeuza, akaniinamisha. Nikahisi uzito wa Edita ukishuka mgongoni kwangu, tumbo lake la moto, miguu ikinikumbatia kiunoni. Mama hakutafuta kanga nyingine. Alimfungia ile ile ya mabegani mwake, pembe yake bado imelowa mate yangu, akapitisha kwapani, akakaza fundo kifuani kwa nguvu, kama mtu asiyetarajia kulifungua tena.

"Haya, nendeni nyumbani," akasema. "Mbwa atangulie."